Walinitenga kwa Mimba Ambayo Sina

"Elieth, lete hiyo maiki!"

Jamani... nilikuwa katikati ya ubeti wa pili!

Kanisa limejaa mpaka watu wamesimama nje madirishani. Mimi niko mstari wa mbele wa kwaya, nimefumba macho, naimba. Nikafumbua. Mzee Melkiadi, katibu wa baraza la wazee wa kanisa, amesimama mbele yangu kanyoosha mkono.

Nikampa. Nilidhani ina shoti, maana ile maiki yetu ilikuwa na tabia ya kurusha watu.

Hakuizima. Akaiweka mdomoni kwake.

"Bwana asifiwe, kanisa!"

"Ameen!"

"Baraza limekaa. Binti yetu Elieth, mwimbaji wetu, ametengwa kuanzia leo kwa dhambi ya uasherati. Binti ni mjamzito. Tumwombee."

Mjamzito?!

Mimi??

Ndugu msomaji, nisikuzungushe. Mimi wakati huo nilikuwa sijawahi kulala na mwanaume. Sijawahi! Sisemi nilikuwa malaika, mdomo wangu wanaoujua wanaujua. Lakini hilo moja nilikuwa nimelitunza, na nilijua namtunzia Mungu na nani.

Nikamtafuta mama yangu kwenye mabenchi ya akina mama. Kainamisha kichwa.

Nikamwangalia Mchungaji Havyarimana. Anapekua Biblia, hata hasomi.

Nikamwangalia mke wake, Mama Mchungaji, mlezi wa kwaya yetu. Huyu ndiye aliyenifundisha kuimba nikiwa Sunday school. Nikasema moyoni, huyu ananijua, huyu atasimama sasa hivi aseme jamani mmekosea.

Akavuta mtandio wake vizuri mabegani, akageukia dirishani.

Shemasi akanishika mkono kama mgonjwa, akanipeleka benchi la nyuma. Kwaya ikaendelea na ubeti wa tatu. Bila mimi!

Hiyo ilikuwa 2013, hapa hapa Kasulu. Kanisa silitaji, na usinifuate inbox kuniuliza.

Kwa wasiojua, kutengwa kwetu si kufukuzwa. Afadhali hata wangekufukuza! Unakuja kanisani kama kawaida, ila unakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Huimbi kwaya. Hushiriki Meza ya Bwana. Huolewi kanisani. Ukitaka kurudi, unaitwa mbele siku ya Jumapili, unapiga magoti, mzee wa kanisa anakuuliza, "Je, unakiri?" Unajibu, "Nakiri." Vigelegele, wimbo, umerudishwa kundini. Yameisha.

Rahisi, eti? Neno moja tu.

Sasa nielewe kitu kimoja. Mimi mjini sikuitwa Elieth. Niliitwa Elieth wa Kwaya. Sokoni hivyo, stendi hivyo. Vijana wa bodaboda wakiniona, "Elieth wa Kwaya, panda twende!" Ukiniondolea hiyo kwaya, mimi mwenyewe sikuwa najua ni nani anabaki pale.

Nilikuwa na hasira, aisee. Wiki ile ile nikaenda kwenye ofisi ya kanisa bila kuitwa. Nikawakuta wazee wamekaa wanakunywa chai.

"Shikamooni."

"Marahaba. Umekuja kutubu?"

"Nimekuja kuuliza nani kawaambia nina mimba."

Mzee Melkiadi akaweka kikombe chini.

"Mashahidi tunao."

"Ni akina nani?"

"Hatuwataji."

"Sasa mimi najiteteaje na watu ambao siwajui?"

"Mwanangu, mbele za Mungu hakuna kujitetea. Kuna kutubu. Halafu mazoezini si ulitapika? Watu walikuona!"

"Nilikuwa na taifodi, mzee! Dawa bado ziko nyumbani!"

Wakaangaliana. Yaani ule mwangalio wa watu wazima wakimsikia mtoto anadanganya.

Nikasema sawa. Nikapanda pikipiki mpaka hospitali, nikapima, nikapewa majibu. Hakuna mimba! Nikarudi mbio na karatasi yangu mkononi. Nilikuwa nimeshaanza hadi kucheka mwenyewe njiani, nawaza watakavyoona aibu.

Mzee Melkiadi akavaa miwani. Akasoma. Akavua miwani.

"Inasema huna mimba."

"Si ndiyo nilichowaambia!"

"Kwa hiyo..." akawageukia wenzake, "...imekwenda wapi?"

"Mzee, haijaenda popote! Haikuwepo!"

"Mashahidi walisema ipo. Hospitali inasema haipo. Binti, umeitoa?"

Jamani!!

Ni lini ulishawahi kuleta ushahidi kwamba hujaiba, ukaambiwa basi utakuwa umeua? Niliingia mle ofisini nikiwa mzinzi, nikatoka nikiwa mzinzi na muuaji.

Mchungaji alikuwepo. Akasema neno moja tu.

"Elieth, sisi tunakupenda. Ukikiri, hatutakuuliza tena hilo la pili."

Nikaenda nyumbani natembea kwa miguu, nalia barabarani mchana kweupe. Nikamkuta mama uani. Nilitegemea yeye angalau atapandwa na hasira, achukue kitenge ajifunge kiunoni tuondoke naye kwenda kuwachana wale wazee.

"Mama, eti nimetoa mimba!"

Hata hakushtuka.

"Tubu tu, mwana wanje. Yaishe."

"Nitubu nini, mama?"

"Chochote wanachotaka. Ukisema nakiri, kesho wamesahau."

"Mama, wewe unaamini nimefanya?"

"Siamini."

"Sasa?"

"Sasa tubu. Unafikiri mimi nataka uzeekee lile benchi? Raymond atasubiri mpaka lini?"

Hapo ndipo nimtaje Raymond. Raymond alikuwa mchumba wangu, mwalimu wa shule ya msingi kule Kibondo. Barua ya posa ilishakuja, wazee wa pande mbili walishakaa, tulibakiza matangazo kanisani tu. Kijana mpole, mcha Mungu, shati lake halina kunyanzi. Nikampigia nikijua huyu ndiye wa kwangu.

"Ray, umesikia?"

"Nimesikia, mpenzi. Huku Kibondo habari zimefika."

"Ni uongo!"

Akakohoa kidogo.

"Ray?"

"Elieth, mimi nimeomba. Nimefunga. Na nimepata amani moyoni."

"Amani ya nini?"

"Nimekusamehe."

"Umenisamehe NINI?!"

"Usifoke, mpenzi. Nitakuoa hivyo hivyo. Tubu tu ili tangazo lisomwe."

Nilikata simu. Halafu nikaichukua tena nimpigie nimtukane, salio likawa limeisha. Hata mtandao ulikuwa upande wao!

Wakanisamehe wote, jamani. Majirani walinisamehe. Mwalimu wa kwaya alinisamehe. Kila nikipita kuna mtu ananishika bega kwa huruma, "Mungu ni mwingi wa rehema." Mtu anaweza kukuchukia ukavumilia. Lakini kusamehewa kitu ambacho hujafanya kunachosha roho vibaya sana!

Basi siku moja ya soko nimepita kwenye baraza la maduka ya nguo pale wanapokaa mafundi cherehani. Nikasikia naitwa.

"Elieth! Hebu njoo hapa, mdogo wangu."

Ni dada Zuleha, fundi aliyeshona sare mpya za kwaya. Zuleha ni Muislamu, mambo ya kanisani kwetu hayamhusu, lakini alikuwa na sura ya mtu mwenye kesi.

"Nasikia wamekutoa kwaya."

"Wamenitoa."

"Kwa sababu ya mimba?"

"Ambayo sina, dada Zuleha. Sina!"

Akaacha kukanyaga cherehani.

"Huna?"

"Sina."

"Sasa lile gauni mara zote mbili nililiachia kiuno cha nani?"

"Gauni gani?"

"La sare! Ulilileta mara ya kwanza nikaachia. Ukalirudisha, bado linabana, nikaongeza na kipande pembeni. Nikajua mambo tayari. Nikawatania wenzako walipokuja kupima, nikasema huyo mwenzenu mwandalieni kitanda cha mtoto. Wallahi nilikuwa natania!"

Gauni!!

Gauni halikuwa langu! Lilikuwa la Mama Mchungaji!

Ilikuwa hivi. Sare zile tulishona kwa ajili ya sherehe kubwa ya kanisa. Kwa kuwa Mama Mchungaji ni mlezi wetu, naye akashonewa ya kwake, kitambaa kile kile. Zilipotoka tu, akaniita jikoni kwake akanipa mfuko.

"Nipelekee kwa fundi aachie kiuno. Na tafadhali usitaje ni la kwangu. Waumini wataanza kusema nanenepa kwa sadaka zao."

Tulicheka sana siku ile. Na kweli watu wetu wangesema. Nikapeleka, mara ya kwanza, mara ya pili. Zuleha alipochokoza, "umenawiri wewe," mimi nikajibu ni ugali wa muhogo. Hata kuwaza sikuwaza.

Kumbe ndio mashahidi hao!

Nikaona sasa ishu imeisha. Nyepesi kabisa! Mama Mchungaji atasema gauni ni lake, watu watamcheka kidogo kwa unene, mimi narudi zangu kwenye sauti yangu. Nikaenda kwake moja kwa moja kutoka sokoni.

Nikamkuta sebuleni, kajifunika khanga mbili na joto lote lile.

"Mama, nimejua kilichotokea. Ni lile gauni lako!"

Nikamweleza yote. Nikategemea aseme yoo, maskini, ngoja nimwite Baba.

Akaanza kulia.

"Mama, usilie! Sema tu ni la kwako. Neno moja tu."

"Nitaongea na Baba Mchungaji."

"Leo?"

"Nitaongea naye, Elieth. Nipe muda."

"Mama, ni unene tu! Watacheka siku moja waache!"

Akanishika mkono. Mikono yake ilikuwa imevimba.

"Hujui, mwanangu. Wewe hujui."

Nikampa muda. Jumapili ikapita, mimi niko benchi la nyuma. Nyingine ikapita. Akipita mlangoni ananikwepa kwa macho. Na kila nikimtumia ujumbe wa simu jibu ni lile lile, "niombee."

Nikuombee?! Mimi ndiye niko benchi la nyuma, nikuombee wewe!

Mtaniuliza, kwa nini hukwenda kwa wazee ukawaambia gauni ni la Mama Mchungaji? Nilienda! Nilimwambia Mzee Melkiadi peke yake, kwa heshima, pembeni.

Akanikatisha.

"Unamsingizia mke wa mchungaji?"

"Mwiteni mumuulize!"

"Tulishamuuliza kama kuna binti ana mwenendo mbaya kwenye kwaya. Alinyamaza akalia. Mama wa watu anaumia kwa ajili yako, na wewe unampaka matope."

Hapo nikaelewa sina pa kushika.

Nitasema ukweli wangu wote. Nilichoka. Mama yangu presha ilipanda akaacha kula. Wazazi wa Raymond wakatuma ujumbe kwamba wanasubiri nitubu, la sivyo posa yao wanaitoa. Na mimi mwenyewe nilianza kuamka asubuhi najisikia mchafu. Unaelewa? Nilijua sijafanya, lakini nilikuwa naoga mara mbili.

Nilijaribu kuomba nikakuta sina la kusema. Nikawa nasema tu, "Mungu, wewe si unajua?" Basi. Ndiyo ilikuwa sala yangu, asubuhi na jioni. Wewe si unajua.

Nikamwambia mama, "Sawa. Nitakiri."

Mama akanikumbatia kwa nguvu sana. Akalia kuliko nilivyolia mimi.

Jumapili ya toba ikafika.

Nikavaa gauni jeupe la mama, maana sare nilinyang'anywa. Raymond alikuja kutoka Kibondo kwa basi la jana yake, kakaa na wazazi wake, kapendeza, uso una msamaha tele. Mama Mchungaji yuko mbele na mtandio wake mkubwa. Kwaya imejiandaa na wimbo wa mwana mpotevu anaporudi.

Nikaitwa. Nikapiga magoti kwenye sakafu, mbele ya madhabahu.

Mzee Melkiadi akashika maiki.

"Elieth, je, unakiri mbele za Mungu na mbele ya kanisa hili kwamba ulitenda dhambi ya uasherati?"

Neno moja tu. Nilishalifanyia mazoezi nyumbani mbele ya kioo.

Nikafungua mdomo...

Na nikakumbuka sala yangu. Wewe si unajua. Sasa mtu anayejua, nikapige magoti mbele yake nimdanganye? Tena kwake mwenyewe, nyumbani kwake?

"Sikiri."

Kanisa likaguna.

"Umesemaje?"

"Sikiri, mzee. Nikisema nakiri, hiyo ndiyo itakuwa dhambi yangu ya kwanza kwenye kesi hii. Na hiyo mtanitengea kwa miezi mingapi?"

"Elieth!" Mama yangu huyo, kasimama. "Sema nakiri, mwanangu! Sema!"

"Mama, siwezi!"

Raymond akainamisha kichwa. Mchungaji akasimama.

"Binti, unalijua unalolifanya? Ukitoka hapa hujatubu, sisi hatuna njia nyingine ya kukurudisha."

"Baba Mchungaji, mimi sina kwaya, sina mchumba, hata jina mjini sina tena. Mlivyochukua vyote nimejikuta bado niko. Bado Mungu ananijua. Acheni nikae nyuma."

Nikainuka. Nikageuka kwenda benchini kwangu. Sikumtaja mtu. Nawaapia sikumtaja, na sikuwa na mpango huo.

Sijafika hata katikati, nikasikia, "Ngoja!"

Mama Mchungaji.

Amesimama. Akashika mtandio wake, ule mkubwa aliokuwa havui hata jua la saa saba, akauvuta, akauachia ukaanguka chini.

Akageuka upande.

Tumbo!

Tumbo hiloooo! Mimba kubwa, jamani, isiyohitaji fundi wala hospitali!

"Gauni lilikuwa la kwangu," akasema. "Na mimba ni hii hapa. Ni ya mume wangu. Elieth hana kosa."

Nikamwangalia Mchungaji. Kwa jinsi alivyokaa chini polepole nikajua mambo mawili. Mimba alikuwa anaijua. Gauni alikuwa halijui.

Sasa wewe uliyeko mbali utaniuliza, mke wa mtu kabeba mimba ya mumewe wa ndoa, kinachofichwa ni nini?

Kwetu Uha, mwanamke binti yake akishazaa, yeye anatakiwa awe ameacha. Kubeba mimba na una mjukuu ni aibu, watu wanasema unashindana na mwanao. Na Verediana, binti yao aliyeolewa Kibondo, alikuwa amejifungua mwaka ule ule. Mama Mchungaji alipanga aende kwa Verediana kama anaenda kulea mjukuu, ajifungulie huko huko, arudi na mtoto habari zikiwa zimeshapoa.

Mnaona lakini? Mimba pekee iliyokuwepo kwenye kesi yote ilikuwa halali! Ya ndoa takatifu! Na mimi nilikaa benchi la wazinzi kwa ajili yake, kwa sababu mama wa kanisa alimwogopa shangazi wa jirani kuliko alivyomwogopa Mungu.

Na unajua nini kilinikera kuliko vyote? Kelele zilizopigwa siku ile! Walipoambiwa Elieth amezini, walisikitika kwa upole. Walipoona mke wa mtu ana mimba ya mumewe, wakashika vichwa.

"Yoo! Na mjukuu anaye!"

"Aibu gani hii!"

Nilicheka. Nilicheka pale pale katikati ya kanisa mpaka machozi yakatoka.

Raymond akanikimbilia nje baada ya ibada.

"Elieth! Nilijua! Mungu amekutetea!"

"Ulijua nini, Ray? Wewe si ulinisamehe?"

"Hiyo ndiyo inaonyesha nilivyokupenda! Nilikuwa tayari kukuoa hata kama ni kweli!"

"Ndiyo shida yenyewe. Uliona ni rahisi kunisamehe kuliko kuniamini."

Posa yao ilirudi Kibondo wiki ile. Alioa baadaye, namtakia heri, sina kinyongo naye. Sana.

Unadhani yaliishia hapo? Subiri!

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, Mzee Melkiadi akasimama anatabasamu.

"Bwana asifiwe! Tuna furaha, binti yetu Elieth amerudishwa kundini. Tumpokee!"

Vigelegele! Kwaya ikaanza wimbo ule ule wa mwana mpotevu!

Yaani ndiyo hivyo. Utaratibu wao ulikuwa na njia ya kumrudisha aliyekosa. Ya kumrudisha asiyekosa haikuwepo. Ilibidi nirudi kama mkosaji ili karatasi zao zikae sawa.

Nikasimama kutoka nyuma.

"Samahani! Mimi sijarudi. Sikuondoka!"

Wimbo ukakatika.

"Sasa unataka tusemeje?" Mchungaji akauliza. Na aliuliza kweli, si kwa ubishi. Alikuwa amekonda ile wiki moja.

"Semeni mlikosea."

Watoto tu nje ndiyo walikuwa wanasikika.

Mchungaji Havyarimana akashuka madhabahuni. Akasimama kwenye usawa wetu, bila maiki.

"Tulikosea. Mimi nilikosea. Elieth, utusamehe."

Hakukuwa na kigelegele hata kimoja. Kwaya wakaangaliana, hawana wimbo wa jambo hilo. Mwalimu wao akawaashiria wakae chini, na mimi nikaenda kukaa kwenye nafasi yangu kati yao.

Sasa nikupe kilichoniumiza kuliko yote. Na hiki sijawahi kukiandika popote.

Mchana ule tulikaa uani na mama, tunachambua maharage. Mimi napiga soga tu, nimefurahi, namwigiza Mzee Melkiadi anavyovua miwani. Mama hacheki.

"Mama, wewe vipi? Si tumeshinda?"

"Umeshinda wewe."

"Kwani wewe ulikuwa upande gani?"

Akaendelea kuchambua. Halafu akasema bila kuniangalia.

"Mimi nilikiri."

"Ulikiri nini?"

"Ulipokuwa kichanga uliumwa sana. Nikakubeba alfajiri nikakupeleka hospitali Kabanga, kwa miguu. Watu wakaniona natokea njia ya nyumbani kwa mganga. Wakasema nilikupeleka kwa mganga. Nikatengwa."

Nikaacha kuchambua.

"Mama... si ungewaambia?"

"Niliwaambia. Wakasema hospitali ni kisingizio. Baba yako alikuwa amefariki, nilikuwa peke yangu. Na mtoto wa mama aliyetengwa hawakuwa wanambatiza. Nikaogopa utakufa hujabatizwa."

"Ukapiga magoti?"

"Ego, nilipiga. Nikasema nakiri, nilienda kwa mganga. Wiki iliyofuata wakakubatiza."

Ndugu zangu, maisha yangu yote nilikuwa najiuliza kwa nini mama yangu, mwombaji yule, hajawahi kupewa kuongoza sala hata kwenye jumuiya ya akina mama. Kwa nini watoto wakiugua mtaani hawamwiti aje kuombea. Nilidhani ni aibu zake tu. Kumbe watu walimsamehe, na hawakuwahi kusahau!

Lile jina nililokuwa najivunia, Elieth, jina la ubatizo, mama alilinunua kwa jina lake.

"Tuwaambie, mama! Jumapili ijayo nasimama tena!"

Akatikisa kichwa.

"Waliokuwa kwenye baraza lile wote wameshakufa. Nani aje kuniambia walikosea?"

Nikaweka ungo pembeni, nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi, gauni la kanisani na yote.

"Mimi ni wa kanisa lile, mama. Nilibatizwa mle. Tulikosea. Utusamehe."

Mama yangu alilia kama mtoto. Na alilia muda mrefu.

Basi, msomaji wangu. Ukiona mtu kasema "nakiri" haraka haraka, usishangilie kabla hujamuuliza alikuwa anamwokoa nani. Na wewe uliyeko benchi la nyuma kwa kitu ambacho hujafanya, anayekujua anakujua, huna haja ya kujipaka uchafu ili watu wapate cha kukusamehe.

Mama yako akiwa bado yupo, nenda kamuulize yeye alikubali nini ili wewe uwe wewe. Mimi nilichelewa kuuliza, na mpaka leo linanikera.